Mtandao Unapogoma Upande Mmoja wa Kompyuta

Kompyuta yenye mifumo endeshi miwili ikikataa kuingia mtandaoni, mwenye nayo ana kitu ambacho mwenzake wa mfumo mmoja hana: shahidi wa pili. Mwenye mfumo mmoja hushuku kila kitu kwa mpigo, kuanzia kadi ya mtandao, ruta, waya na nenosiri hadi kampuni inayomuuzia intaneti. Wewe unazima, unawasha upande wa pili, unafungua kivinjari. Kurasa zikifunguka, basi ubovu wa ruta, waya na laini yenyewe ya intaneti umekwisha kuondoka kwenye orodha ya washukiwa, na hujagusa mpangilio hata mmoja.

Ndiyo maana huniuma kumwona mtu ambaye wazo lake la kwanza ni kufuta upande uliogoma na kuusakinisha upya. Nimekaa na mashine yenye Windows na Linux kwa miaka mingi, na za watu wengine hunipitia mikononi mara kwa mara. Kwa yale niliyoyaona, kusakinisha upya mara nyingi hakutibu lolote, kwa sababu tatizo halikuwa ndani ya mfumo uliofutwa.

Lilikuwa wapi, basi? Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulieleza kwa kirefu. Mifumo hii miwili haiwaki kwa wakati mmoja, lakini haijatengana kama tunavyodhani. Inatumia kadi moja ya mtandao, saa moja iliyo kwenye ubao mama, na mipangilio ile ile ya BIOS au UEFI, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo wowote. Nje ya kompyuta, inasimama mbele ya ruta moja yenye kumbukumbu zake. Ni kama wapangaji wawili wa chumba kimoja wanaolala kwa zamu: anayetoka anaweza kuacha komeo limefungwa, na anayeingia akalala nje bila kosa lake. Ushauri mwingi wa kutatua mtandao umeandikwa kwa ajili ya kompyuta yenye mfumo mmoja, kwa hiyo hauligusi komeo hilo.

Kabla ya kufika huko, jua kwanza mtandao umekatikia wapi. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Upande wa Linux andika `ip addr`, upande wa Windows andika `ipconfig`, kisha soma kilichoandikwa kwa utulivu. Kama kadi haionekani kabisa, shida iko chini, kwenye kifaa au draiva yake, ile programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi. Kama kadi ipo lakini anwani yake inaanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe anwani ya dharura ambayo haiwezi kuifikisha kwenye intaneti. Kama anwani ni ya kawaida, tuseme 192.168.1.20, jaribu kuigonga ruta kwa `ping`, amri inayotuma ujumbe mfupi na kungoja jibu, halafu igonge 1.1.1.1, seva ya umma iliyo kwenye intaneti, halafu gonga jina la tovuti yoyote. Ruta ikijibu na 1.1.1.1 isijibu, kizuizi kiko baada ya ruta, au kompyuta haijui njia ya kutokea. Namba ikijibu na jina lisijibu, kinachokosekana ni DNS, ule mfumo wa kugeuza majina kuwa namba.

Programu ya ping iliandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983, na mpaka leo sijaona chombo kinachosema ukweli haraka kuliko hicho. Kuna ruta na kompyuta zilizowekwa zisijibu ping, kwa hiyo ukimya wake peke yake si hukumu. Ila ikijibu, imejibu.

Sasa tuje kwenye kadi inayotoweka. Hili ndilo tatizo ninaloletewa kuliko yote, na lina sura moja: jana Wi-Fi ilifanya kazi pande zote mbili, usiku mtu akafanya kazi Windows, akazima kompyuta, asubuhi akawasha Linux, na alama ya Wi-Fi haipo. Hajabadilisha chochote. Anaapa kwamba hajabadilisha chochote, na anasema kweli.

Kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuna kipengele kinachoitwa Fast Startup. Kikiwa kimewashwa, ukibonyeza kuzima, Windows inafunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti, lakini kiini cha mfumo pamoja na hali ya draiva huandikwa kwenye diski ili kesho virudishwe vilivyo badala ya kuanza upya. Ni usingizi mzito unaoitwa kuzima. Kwa kompyuta ya mfumo mmoja hakuna ubaya, na kuwaka kunakuwa kwepesi kweli. Kwa kompyuta ya mifumo miwili, kadi ya mtandao inaweza kuachwa katika hali ambayo draiva ya Windows ndiyo inayojua namna ya kuitoa. Linux inawaka, inaikuta kadi haijibu, au haioni kadi kabisa hata kwa `lspci`, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani. Kadi za waya nazo hupatwa na hili: zikiachwa katika hali ya umeme mdogo zikisubiri kuamshwa kupitia mtandao, Linux inaweza kuwaka na kukuta taa ya tundu la waya imezimika.

Kuna dalili moja ninayoipenda kwa sababu haihusu mtandao hata kidogo. Ukiwa Linux, jaribu kuandika faili kwenye sehemu ya diski ya Windows. Ikikubali kusomwa tu na kukataa kuandikwa, au ikigoma kufunguka kwa maelezo kwamba Windows imelala, umepata jibu: upande wa pili haukuzimwa. Mambo mawili yanayoonekana hayana uhusiano, diski inayokataa kuandikwa na Wi-Fi iliyopotea, yana mzizi mmoja.

Dawa ni kukiondoa kipengele hicho kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, au kufungua terminali kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika `powercfg /h off`, amri inayoondoa pia ule usingizi wa kuhifadhi kazi kwenye diski. Kama hutaki kukiondoa, shikilia kitufe cha Shift unapobonyeza kuzima, na Windows itazima kikamilifu kwa mara hiyo. Ushauri wangu kwa mwenye mifumo miwili ni kukiondoa moja kwa moja. Sekunde chache zinazookolewa asubuhi hazilingani na usumbufu unaoletwa, achilia mbali hatari ya kuharibu mafaili pale mfumo mmoja unapogusa diski ambayo mwingine bado unaihesabu kuwa yake. Na baada ya Windows kupokea sasisho kubwa, rudi uangalie kama kimebaki kimezimwa.

Mtu makini atauliza: basi nikitoka Windows kwa kuwasha upya badala ya kuzima, si nitakuwa salama? Kwa upande huo, ndiyo, kwa kuwa kuwasha upya hakupitii Fast Startup. Lakini kuna mtego wa pili. Kadi nyingi za Wi-Fi hazibebi programu dhibiti yao (firmware), ile inayoiendesha kadi yenyewe, ndani kwa kudumu; draiva ya mfumo unaowaka ndiyo inayoipakia kwenye kadi. Linux huiweka chini ya `/lib/firmware`, Windows ina nakala yake, na matoleo hayo mara nyingi hayafanani. Unapowasha upya, umeme wa kadi unaweza usikatike. Mfumo unaoingia unakuta kadi ina mabaki ya mwenzake, na kama draiva haikufanikiwa kuisafisha, kadi inabaki imeduwaa. Upande wa Linux utaona kwenye `dmesg`, kumbukumbu za mfumo, mstari wa programu dhibiti iliyoshindwa kupakiwa. Upande wa Windows utaona alama ya njano kwenye orodha ya vifaa na maelezo kwamba kifaa hakiwezi kuanza, Code 10.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kuhama upande, na kila moja ina shimo lake: kuzima kunaweza kusizime, na kuwasha upya kunaweza kusikate umeme. Ndiyo sababu, kabla ya amri yoyote, humwambia mtu afanye jambo linaloonekana dogo mno. Zima kikamilifu. Chomoa waya wa umeme; kama ni laptopu ambayo betri yake inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Rudisha, washa. Nimeona kadi zilizotangazwa kuwa zimekufa, zikiwa zimekwisha kuagiziwa mbadala, zikirudi kwa njia hiyo na kufanya kazi kama kawaida.

Kadi ikionekana lakini ikawa imefungiwa, andika `rfkill list`. Amri hii husema kama redio ya Wi-Fi imezuiwa na programu au imezuiwa na kifaa. Kizuizi cha programu kinatoka kwa `rfkill unblock wifi`. Cha kifaa hakitoki kwa amri: tafuta swichi ubavuni mwa laptopu, kitufe chenye picha ya antena au ndege, au mpangilio ndani ya BIOS. Baadhi ya laptopu hukumbuka hali ya kitufe hicho kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, kwa hiyo aliyezima redio akiwa Windows anaikuta imezimwa Linux.

BIOS hiyo hiyo ina Secure Boot, ulinzi unaokubali tu programu zenye saini inayotambulika wakati wa kuwaka, na hapa nimeona watu wakiteseka bila sababu. Mtu anaambiwa na mchezo au programu fulani upande wa Windows kwamba lazima Secure Boot iwashwe. Anaiwasha, mchezo unakubali, anasahau. Wiki inayofuata anaingia Linux, Wi-Fi hakuna. Kadi yake, na nyingi za Broadcom ziko hivi, inategemea draiva isiyokuja na kerneli, yaani kiini cha Linux, iliyojengwa pembeni na ambayo haikutiwa saini inayotambulika. Secure Boot ikiwa imezimwa, kerneli iliipokea. Ikiwashwa, inaikataa, kama inavyopaswa. Andika `mokutil --sb-state` ujue hali ilivyo. Njia nzuri ni kuisajili saini ya draiva hiyo, kazi inayofanyika mara moja kwenye skrini ya buluu wakati wa kuwaka. Kuizima Secure Boot ni njia ya mkato, na huenda upande wa pili ukalalamika.

Draiva za namna hiyo zina udhaifu mwingine: kila kerneli ikisasishwa lazima zijengwe upya, na mara nyingine ujenzi unashindwa kimyakimya. Ukishuku hilo, kwenye orodha ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wakati wa kuwaka, ingia chaguo za ziada, uchague kerneli ya zamani. Wi-Fi ikirudi, umepata mkosaji bila kubahatisha.

Tuseme sasa kadi ni nzima na imewaka, lakini jina la mtandao wako halionekani kwenye orodha. Ya majirani yanaonekana yote, lako halipo. Ukirudi Windows, lipo. Hili lilinisumbua sana kwenye mashine ya rafiki yangu mpaka nilipotazama ruta na kukuta imejichagulia chaneli ya 13. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, chaneli za 1 hadi 11 zinaruhusiwa karibu kila mahali, ilhali za 12 na 13 zinategemea sheria za nchi. Linux isipojua iko nchi gani, hushika kanuni za tahadhari za dunia nzima, zinazobana chaneli hizo mbili. Na ikidhani iko Marekani, inaweza isizitumie kabisa. `iw reg get` inakuonyesha nchi iliyowekwa. Unaweza kuirekebisha iwe nchi uliyomo kweli, au ukaipeleka ruta chaneli ya 1, 6 au 11. Mimi huchagua kuihamisha ruta, kwa sababu kila kifaa kitakachokuja baadaye kitanufaika.

Ruta ina mambo mengine. Inatambua vifaa kwa anwani ya kadi, ile ya MAC, au kwa kitambulisho ambacho mfumo hukituma unapoomba anwani ya IP. Wewe unaona kompyuta moja, lakini ruta inaweza kuona vifaa viwili: Windows inatuma kitambulisho cha aina moja, Linux ya aina nyingine, na mojawapo huenda imewekwa kutumia anwani ya MAC ya kubahatisha kwa ajili ya faragha. Kama msimamizi wa mtandao ameruhusu vifaa vilivyosajiliwa tu, upande mmoja utapita na mwingine utabaki mlangoni ukiwa na nenosiri sahihi kabisa. Usipoteze siku kubadilisha nenosiri. Linganisha anwani ya MAC ya pande zote mbili. Zikitofautiana, zima ubahatishaji huo kwa mtandao huo mmoja.

Kisa kinachofanana na hicho, na cha kawaida zaidi, ni anwani iliyoandikwa kwa mkono. Mtu aliwahi kuweka anwani ya kudumu upande wa Linux, labda kwa sababu ya printa. Ruta ikabadilishwa, mpya ikawa inatumia 192.168.0 badala ya 192.168.1. Windows, inayoomba anwani kila mara, haikuhisi kitu. Linux imebaki ikiita ruta ambayo haipo tena. Vivyo hivyo kwa DNS: programu ya VPN iliyoondolewa nusunusu huacha nyuma seva ya majina isiyofikika, na `resolvectl status` itakuonyesha ni ipi. Ukikuta 127.0.0.53 ndani ya `/etc/resolv.conf`, faili la seva za majina, usishtuke wala usiifute, hiyo ni huduma ya Ubuntu (toleo mojawapo la Linux) yenyewe inayopokea maswali na kuyapeleka mbele.

Nimeiacha saa kwa makusudi, maana inastahili nafasi yake. Windows huisoma saa ya ubao mama kama saa ya mahali ulipo. Linux huisoma kama saa ya UTC, ile ya marejeo ya dunia nzima. Ukiwa eneo lililo saa 3 mbele ya UTC, Linux itaandika saa ya UTC kwenye ubao mama, na Windows ikiwaka itajiona iko nyuma kwa saa 3. Windows ikijirekebisha, itaandika saa ya mahali ulipo, na Linux ikiwaka itajiona iko mbele kwa saa 3. Kila upande unasahihisha na kumwachia mwenzake kosa.

Hili linahusu nini na mtandao? Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mifumo ya kuingia kwenye mitandao ya kazini hutegemea saa. Kerberos, mojawapo ya mifumo hiyo, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Kompyuta ina anwani, ping inajibu, lakini kuingia kunakataliwa, na mtu anaanza kushuku akaunti yake. Mara nyingi saa hujirekebisha yenyewe baada ya muda mfupi mtandaoni, na tatizo linatoweka kabla halijachunguzwa, kisha linarudi kesho yake. Matatizo yanayotoweka yenyewe ndiyo yanayowavunja watu moyo zaidi.

Suluhisho la haraka ni `timedatectl set-local-rtc 1`, linaloifanya Linux ifuate desturi ya Windows. Mimi napendelea kinyume chake: kuiwekea Windows thamani ya RealTimeIsUniversal kwenye rejista yake (Registry), hazina ya mipangilio ya Windows, ili wote wawili watumie UTC. Kwenye nchi zinazobadilisha saa kwa majira, mifumo miwili inayotumia saa ya mahali inaweza kila mmoja kuisogeza kwa zamu yake, na saa ikasogezwa mara mbili. UTC haina habari ya majira. Saa ikirudi nyuma miaka mingi kila unapochomoa umeme, na pande zote mbili zikakataliwa vyeti, basi tatizo ni betri ndogo ya ubao mama, aghalabu CR2032, na hakuna mpangilio utakaoitibu.

Kuna wakati mashahidi wote wawili wanasema mtandao umekufa, na hujui kama kadi imeharibika au kila upande una kosa lake. Hapo mlete wa tatu: flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Haina historia, haina anwani zilizoandikwa kwa mkono, haina VPN ya zamani. Ikipata mtandao, kadi ni nzima. Isipoiona kadi hata baada ya kukata umeme kikamilifu, na kadi hiyo ni ya aina inayotegemezwa na Linux, ndipo nitakapokubali kuzungumzia kununua nyingine.

Na kama kinachokosekana ni draiva au programu dhibiti, ambayo iko mtandaoni usikoweza kufika, unganisha simu kwa waya wa USB na uiruhusu igawe intaneti yake. Kwa simu nyingi za Android, Ubuntu huiona kama kadi ya mtandao wa waya bila kuongezewa chochote. Andika `lspci -nnk`, tafuta mstari wa kadi yako, na unakili namba mbili zilizo kwenye mabano ya mraba zikitenganishwa na nukta pacha. Hizo ndizo utambulisho halisi wa kadi, kuliko jina lililobandikwa kwenye boksi. Tafuta kwa namba hizo, sakinisha kinachotakiwa, chomoa simu. Kisha, kabla ya kujaribu Wi-Fi, zima kikamilifu na ukate umeme kwa mara nyingine, maana kadi bado inaweza kuwa imeshika hali iliyokuwa nayo kabla ya kupata programu dhibiti yake.